Ufa Uliozibwa kwa Rangi ya Kucha

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa, Wakili alikuwa na kazi yake: kupangusa viti vya gari la baba. Alianza na kiti cha dereva, akaja cha abiria, akamalizia kile kirefu cha nyuma, ambako hakukosekana ganda la karanga au kifungo cha shati la mtu. Baba naye alifungua boneti, akachungulia mafuta, akaongeza maji, akafunga. Mama alitoa chai kwenye kikombe cha bati. Baba aliinywa akiwa amesimama, maana wauguzi wa zamu ya asubuhi hawangoji mtu anayekunywa chai ameketi.

Msichana huyu hakuwa wakili wa mahakamani. Alikuwa na miaka kumi na mbili tu, mwanafunzi wa darasa la sita. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu hakuna neno lililopita mbele yake likaenda salama. Ukimwambia mvua inakuja, atauliza nani kasema. Ukimwambia chumvi imezidi kwenye mchuzi, atataka shahidi wa pili.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, na kwa umri lilimzidi Wakili. Kwa gari hilo baba aliwapeleka wauguzi hospitalini na kuwarudisha, siku sita kwa juma. Lilikuwa ndilo shamba lao na duka lao.

Jumamosi moja Wakili alikuwa uani akifua sare zake za shule. Sabuni aliiweka juu ya jiwe. Kunguru akatua ukutani, akainamisha kichwa kama mtu anayefikiri, kisha akashuka, akaidona ile sabuni na kuruka nayo. Mwizi wa mchana kweupe! Wakili aliokota kijiwe, akamtupia kwa nguvu zake zote. Kunguru akapaa na sabuni yake. Kijiwe kikapita chini ya mbawa zake, kikaenda kutua kwenye gari la baba.

Tik!

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Wakili alisogea mbiombio. Kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, chini kabisa karibu na waipa, palikuwa na alama ndogo kama punje ya dengu. Ukiitazama kwa karibu, ilikuwa na vijiguu vitatu vyembamba, mfano wa buibui.

Baba alikuwa amelala, maana Ijumaa alichelewa kurudi. Mama alikuwa sokoni. Hapakuwa na aliyeona isipokuwa kunguru, na huyo naye alikuwa na kesi yake.

Ningependa kusema kwamba Wakili alikwenda moja kwa moja kumwamsha baba yake. Hakwenda. Alisimama pale, povu likimkauka mikononi, akakumbuka somo la jana yake. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ameandika ubaoni: *Usipoziba ufa, utajenga ukuta.* Akauliza nani anajua maana. Nani angemtangulia Wakili? Alisimama, akaeleza kwamba tatizo dogo likiachwa hugeuka kubwa, na darasa zima likampigia makofi.

"Basi nitaziba," akajiambia.

Aliingia chumbani kwa mama, akachukua kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyokuwa na rangi ila mng'ao tu. Akachovya kijibrashi, akadondosha tone juu ya ile alama. Akangoja likauke. Akadondosha la pili. Kisha akasugua pembeni kwa upindo wa gauni lake, akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Alama haikuonekana. Akarudi nyuma hatua tano. Wapi!

Akarudisha kichupa mahali pake, akamaliza kufua kwa sabuni ya kuazima kwa jirani. Moyoni alijiona fundi. Ufa ameuziba, na ukuta hautajengwa.

Ikapita Jumapili, ikapita Jumatatu na Jumanne. Baba hakuona kitu. Kila asubuhi Wakili alipopangusa viti alitupia jicho ile pembe ya kioo, na kila asubuhi kioo kilikuwa kimetulia.

Jumatano, saa tisa alasiri, Wakili alitoka shule akapitia uwanja wa kuoshea magari, kama ilivyokuwa desturi yake, ili arudi nyumbani na baba. Jua siku hiyo lilikuwa limekaza. Gari lilikuwa limeegeshwa tangu saa sita, na bati lake lilikuwa la moto hata huwezi kuliwekea kiganja.

Aliyeosha gari la baba siku zote alikuwa mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji. Wote walimwita Povu. Alikuwa mtu wa mizaha. Gari likija na matope aliliuliza, "Mwenzangu, umetoka kulima?" Wakili naye, Povu alimwita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa! Kesi za leo zimeendaje?"

"Zimeahirishwa, mjomba. Mwalimu wa hesabu ana mafua."

"Basi washitakiwa wote wamepona," Povu akasema, akacheka, akanyanyua ndoo na kuimwaga juu ya kioo cha mbele.

Sauti ikatoka. Safari hii haikuwa tik. Ilikuwa kriii, ndefu na nyembamba, kama kitambaa kinachochanwa polepole. Mstari mweupe ukaanzia pembeni chini, karibu na waipa ya abiria, ukapanda, ukapinda, ukavuka katikati ya kioo, ukaenda kusimama mbele kabisa ya usukani, pale pale jicho la dereva linapopita.

Povu alibaki na ndoo tupu mkononi. Baba, aliyekuwa kivulini akizungumza na dereva mwenzake, alikuja akikimbia.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, kaka. Nimemwaga maji."

"Maji baridi juu ya kioo cha moto! Wewe mtoto mdogo?"

"Maji ni haya haya, kaka. Ndoo ni hii hii. Miaka minne naliosha gari hili, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Mbona kioo hakijapasuka?"

"Kimepasuka leo! Huoni?"

Waosha magari wengine wakasogea. Mmoja wao, kijana mnene aliyevaa buti za mpira za njano, akapaza sauti: "Povu leo kapandishwa cheo! Ameacha kuosha, sasa anapasua!" Watu wakacheka, na Buti za Njano akacheka kuliko wote mpaka akajishika tumbo.

Mwenye uwanja akatoka kibandani, taulo shingoni. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakupenda kelele mbele ya wateja.

"Sitaki maneno mengi," akasema. "Dereva, lipeleke gari kwa fundi wa vioo. Fundi akisema ni maji, Povu atalipa kioo. Akishindwa, aweke ndoo chini aende zake. Na tangu sasa hagusi gari lolote mpaka nipate jibu."

Povu akaigeuza ndoo yake, akaikalia. Alimtazama Wakili, na mzaha wake ulikuwa umebaki nusu tu.

"Mheshimiwa, nitetee basi."

Wakili akatazama viatu vyake. Alitaka kusema, na neno lilifika mpaka kwenye meno, lakini pale alipaswa kulisema mbele ya watu kumi na wawili, na baba yake amekunja uso namna ile. Akafungua mlango wa gari, akaingia.

Baba aliendesha polepole, kichwa amekiinamisha upande ili aone barabara chini ya ule mstari. "Wakili, leo umemeza ulimi?"

"Kichwa kinaniuma, baba."

Hayo nayo yalikuwa uongo, ingawa hayakukaa uongo kwa muda mrefu. Walipofika kwa fundi kichwa kilikuwa kinamuuma kwelikweli.

Fundi wa vioo alikuwa mama wa makamo, aliyevaa ovaroli la bluu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye vioo vilivyosimamishwa ukutani kwa safu, kila kimoja kimeandikwa kwa chaki aina ya gari lake. Alimsikiliza baba bila kumkatiza. Kisha akavaa taa ndogo kwenye paji la uso, akachukua lenzi.

"Ufa una kichwa na una mkia," akasema. "Wengi hutazama mkia. Mimi hutafuta kichwa."

Akaanzia mbele ya usukani, akaufuata mstari kwa kidole pasipo kuugusa, akishuka nao taratibu, mpaka pembeni chini. Hapo akasimama. Akainama zaidi. Akakwangua kidogo kwa ukucha wa kidole gumba, akanusa.

"Kaka, maji hayakupasua kioo hiki. Maji yamekuta kazi imeshaanzwa. Hapa paligongwa na kitu kidogo, jiwe labda, siku kadhaa zilizopita. Kidonda kilikuwepo. Joto na baridi vimekiamsha tu. Halafu mtu amepaka rangi ya kucha juu yake."

"Rangi ya kucha?"

"Rangi ya kucha. Njoo uone inavyong'aa."

Baba akaangalia. Akanyooka. Wakili aliona taya la baba yake likikaza, akadhani sasa yamekwisha, baba amejua. Lakini baba alikuwa amekwenda njia nyingine kabisa.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe Povu alikigonga siku nyingi, akakipaka dawa nisione! Na leo ananiapia, maji haya haya, ndoo hii hii. Mimi nilidhani ni mzembe tu. Kumbe ni mwongo, tena mjanja!" Akatoa simu mfukoni. "Mwenye uwanja lazima alijue hili. Mtu kama huyu asiguse tena gari la mtu."

Akabonyeza namba, akaweka simu sikioni. Karakana ilikuwa kimya kiasi kwamba Wakili alisikia simu ikiita upande wa pili. Ikaita mara moja. Ikaita mara ya pili.

Aliiona ile mikono iliyokunjamana. Alijua kwamba simu ile ikipokelewa, mtu ataondoka pale uwanjani akiwa na jina la mwongo, na jina hilo litamfuata kila atakapokwenda kuomba kazi.

"Baba, kata simu."

"Subiri."

"Baba, kata! Ni mimi!"

Baba akageuka. Kwenye simu sauti ilikuwa imeshaanza kusema haloo, haloo. Baba akaikata.

"Nilirusha jiwe," Wakili akasema, na machozi yakaja pamoja na maneno. "Jumamosi. Kunguru alichukua sabuni. Sikukusudia gari. Halafu nikachukua rangi ya mama, nikaziba. Mwalimu alituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, baba. Nilidhani nimeziba."

Baba alikaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa mlangoni. Wakili angependelea afokewe.

Aliyezungumza ni fundi. Alivua ile taa ya kichwani kwanza.

"Mwanangu, mwalimu wako hakukosea. Ila ufa wa ukuta na ufa wa kioo si ndugu. Wa ukuta unaubandika udongo kwa nje, basi. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja, katikati kuna utando. Kikipata kidonda, tunakinywesha. Nina gundi nyepesi kama maji. Naisukuma ndani ya kidonda mpaka hewa itoke, naikausha kwa taa. Nusu saa imekwisha. Lakini inataka kidonda kikavu, kisafi, hakijaguswa. Wewe ulifunga mlango kwa nje, na ugonjwa umeufungia ndani. Hata kama mngeniletea jana, gundi yangu isingepata pa kuingilia."

"Na kama ungeletewa Jumamosi?" baba akauliza kwa sauti ya chini.

"Jumamosi ungenilipa bei ya jozi moja ya viatu vya shule. Leo ni kioo kizima, na gundi nyeusi ya kukishikilia, na kazi ya kukata cha zamani kwa waya. Ni mapato yako ya mwezi, kaka, na juu yake kidogo."

"Hakuna kilichotumika?"

"Kipo, kimetoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Bei yake nusu. Lakini kina mikwaruzo, usiku taa za wenzako zitakupiga machoni. Wewe unabeba wauguzi. Na kioo hiki si cha kuzuia upepo tu. Gari likipinduka, ndicho kinachosaidia kushikilia paa lisiwaangukie. Chagua mwenyewe, mimi nimesema ninalolijua."

Baba alifikiri. "Weka kipya," akasema mwishowe. Kisha, bila kumtazama Wakili: "Tutatumia fedha za mabati ya jiko. Mvua zikija, jiko litavuja mwaka mwingine. Mama yako utamweleza wewe."

"Ndiyo, baba."

"Gari litalala hapa," fundi akasema. "Gundi ishike vizuri. Kesho saa nne njoo ulichukue."

Baba akasimama, akapangusa suruali. "Twende uwanjani. Kwa miguu."

Njiani baba akasema, "Utasema wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi."

"Vyema. Na mimi ninalo langu la kusema. Nilimhukumu mtu kabla ya kumuuliza fundi. Na fundi aliponiambia ukweli, nikauchukua ukweli huo nikamhukumu nao tena."

Povu alikuwa bado ameketi pale pale. Ndoo zilikuwa zinapita mikononi mwa wengine, magari yanaingia na kutoka, naye anatazama tu. Mwenye uwanja alipowaona akatoka kibandani.

"Naam, fundi kasemaje?"

Wakili alisimama mbele ya Povu.

"Mjomba, si wewe. Nilirusha jiwe likagonga kioo, nikaficha. Maji hayana kosa. Ulipoomba nikutetee nilikuwa najua, na nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Baba naye akasogea. "Kaka, nimekukosea mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu. Nilikuwa nimeshashika simu nikuongezee jina la mwongo."

Povu hakutabasamu.

"Nimesikia," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye pampu, walikokuwa wawili wakiosha lori. "Wale hawajasikia. Wao walinicheka. Nenda ukawaambie, Mheshimiwa. Na yule anayefuta matairi. Na yule pale kivulini."

Wakili akamtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa: nenda.

Akaenda kwenye lori, akasema. Akaenda kwa wa matairi, akasema. Akaenda kivulini, akasema. Haikuwa nyepesi mara ya pili, wala mara ya tatu. Kila mara aliona haya upya, maana kila mtu alikuwa na macho yake. Aliporudi, mwenye uwanja alikuwa amemshika Povu begani, na Povu alikuwa amesimama, anakunja mikono ya shati.

"Kuna pikapu pale imetoka kulima," Povu akasema, akaichukua ndoo yake akaenda.

Walipokuwa wanatoka, Wakili akasimama ghafla.

"Baba, yule wa buti za njano hayupo. Yule aliyecheka sana. Wamesema ameshakwenda nyumbani."

"Nimeona."

"Yeye bado anaamini ni Povu."

"Anaamini. Na pengine sasa hivi anamsimulia mkewe, na mkewe kesho atamsimulia jirani." Baba akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, kwa mara ya kwanza tangu saa tisa. "Sikiliza, mwanangu. Kioo ni ghali, lakini kina duka. Ukiwa na fedha utakipata, na usipokuwa nazo utangoja mpaka uzipate. Jina la mtu halina duka. Ukilivunja, huna budi kulifuata kipande kwa kipande, kila mlango liliposemwa, ukaliokote. Ndiyo maana kosa husemwa siku ile ile, lingali dogo na liko kwako peke yako."

Wakili hakubisha, wala hakutaka shahidi. Aliuliza tu, "Anafika kazini saa ngapi?"

Kesho yake jua lilipochomoza hapakuwa na viti vya kupangusa, maana gari lilikuwa kwa fundi, na wauguzi walichukuliwa na yule dereva mwenzake baba. Wakili alivaa sare, akabeba mkoba wake, yeye na baba wakashika njia kwa miguu. Walifika uwanjani milango ikiwa bado imefungwa. Walisimama hapo, umande ukiwalowesha viatu, mpaka walipoona kwa mbali buti mbili za njano zikija.

Wakili akashusha mkoba, akamwendea.

"Shikamoo, kaka," akasema. "Nina neno juu ya mjomba Povu."